Muulize Fundi: Kimbunga kiko baharini, maji yameingia Nkuhungu

Mbukwenyi, wasomaji wangu.

Barua za mwezi huu karibu zote zina harufu ya tope. Ile mvua ya Jumapili usiku imeamsha mji mzima wa Dodoma, na kila mwenye kalamu anauliza maji yametoka wapi. Kwa wanaokutana na safu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi mstaafu wa barabara na mitaro, makalavati ndiyo yaliyonipinda mgongo. Siasa sijibu, mapenzi sijibu. Maji nitayajibu.

Fundi, shikamoo. Nina duka la vyakula hapa Nkuhungu. Usiku ule maji yalinifika magotini ndani ya duka. Unga, sukari na friji vyote vimekwenda. Asubuhi nikasikia redioni kuna kimbunga upande wa Msumbiji. Dodoma na bahari wapi na wapi? Kimbunga kinaweza kufika huku kwetu? – Mama mwenye duka, Nkuhungu

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Ule upepo wa kimbunga unaong'oa mabati, hapa Dodoma uondolee hofu. Kimbunga kinaishi kwa joto la bahari. Kinataka maji ya nyuzi 26 na nusu hivi au zaidi, na kikipanda nchi kavu kinaanza kufa njaa. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na safari ya gari kutoka Dar es Salaam ni ya kilomita 450 hivi. Tena tuko karibu na ikweta, ambako vimbunga havipendi kuzunguka. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka kisiwa cha Mafia, kikaishiwa nguvu pale pale pwani. Ila angalia kilichoacha: mvua yake ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi, na magari yakalala njiani.

Kinachosafiri mbali ni mvua. Waulize watu wa Blantyre kule Malawi. Mji ule uko mbali na bahari, tena uko juu kama sisi, lakini Machi 2023 kimbunga Freddy kiliupelekea mvua iliyoporomosha milima juu ya nyumba za watu. Kwetu sisi mchezo ni mwingine kidogo. Kimbunga kikikaa karibu na Madagaska, kinavuta hewa kutoka pande zote. Kikikaa mahali fulani, kinavuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, inapita juu yetu na kutumwagia njiani. Kikihama kidogo tu, kinatunyang'anya hata mawingu tuliyokuwa nayo. Ndiyo maana tangazo la kimbunga kule linaweza kuwa mafuriko kwetu mwaka huu na jua kali mwaka mwingine. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa eneo letu, achana na ramani za kimbunga zinazosambazwa kwenye simu.

Sasa tuje dukani kwako, maana duka lako halikuzamishwa na Msumbiji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Watu wakisikia milimita 50 wanacheka, wanaona ni urefu wa kidole. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua bati la nyumba ya kawaida, mita 10 kwa 12. Mvua ya milimita 50 inamwaga lita 6,000 kwenye bati hilo peke yake. Simtanki la lita 5,000 linajaa na kufurika. Hesabu nyumba mia moja za mtaa wako, hapo umepata lita laki sita kutoka mabatini tu, bado uwanja, bado barabara, bado vilima vya mawe ambavyo havinywi hata tone. Na udongo wetu uliookwa na jua tangu Mei unakuwa mgumu kama sinia. Mvua ya kwanza kubwa inateleza juu yake. Huku mwaka mzima tunapata milimita 570 hivi kwa wastani, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na haziji kwa utaratibu. Zinakuja kwa mafungu, na fungu moja likiangukia usiku mmoja ndiyo hayo ya Jumapili.

Sehemu kubwa ya Nkuhungu ni tambarare ya chini. Maji yanafika, yanakosa pa kwenda. Kabla hujamlaumu mtu, pima. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaouita mpira wa levo, mita 10 au 15. Ujaze maji na utoe mapovu yote, maana povu moja likibaki ndani levo inadanganya. Wewe shika ncha moja ukiwa umesimama kwenye kizingiti cha duka, mwanao aende na ncha ya pili hadi katikati ya barabara. Mkizinyanyua zote mbili, maji yatatulia usawa mmoja. Pima kutoka usawa huo kushuka mpaka kizingiti, kisha mwanao apime kutoka usawa huo kushuka mpaka barabarani. Kama kwako ni sentimita 80 na kwake ni 60, barabara iko juu ya sakafu yako kwa sentimita 20. Duka hilo, mwanangu, limekuwa bakuli la mtaa tangu barabara ilipoinuliwa. Utainua sakafu, au utafunga reli mbili za chuma pembeni mwa mlango zinazopokea ubao, unaushusha jioni wingu likikunja uso na kuusindilia magunia ya mchanga. La kwanza ni ghali na linakaa. La pili ni rahisi na linategemea uwepo usiku huo.

Unga na sukari vilivyoguswa na maji yale tupa, hata kama gunia limelowa chini tu. Usikaushe juani ukauza. Maji yale yamepita vyooni. Makopo yasiyobonyea yaoshe kwa maji yenye klorini. Friji usiiwashe mpaka fundi aifungue na kuikausha. Na siku nyingine, ukiona maji yanakaribia soketi, zima mein swichi kwanza ukiwa bado umesimama pakavu, ndipo uanze kubeba magunia. Bidhaa panga juu ya chaga.

Mzee, mimi ni bodaboda wa Ihumwa. Korongo likijaa abiria wanataka tuvuke tu, wanasema maji ni ya magotini. Tuvuke au tusivuke?

Msivuke. Kijana wangu, maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15, hayajapita sana kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinainua gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, yakiwemo yale marefu ambayo wenyewe wanajiona meli. Na hapo sijakuambia kuhusu chini. Korongo letu lina mchanga, na maji yakiwa juu mchanga nao unatembea. Pale ulipovuka asubuhi kukiwa na sakafu, jioni pana shimo. Abiria akisema ana haraka, mwambie ashuke avuke yeye. Utashangaa haraka inavyoisha. Makorongo yetu hujaa ghafla na kupungua ghafla, mengi ndani ya saa chache. Mtu akishasombwa, piga 114, Zimamoto, na usimfuate ndani bila kamba.

Fundi, habari. Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamia kutoka Dar. Kuna kiwanja nje kidogo ya Nzuguni, bei nzuri mno, dalali ananiharakisha. Upande mmoja wa kiwanja kuna mchanga mwingi mweupe, safi kabisa. Dalali anasema hiyo ni bahati, sitanunua mchanga wa kujengea. Una maoni gani?

Ndugu mtumishi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwasomea wenzangu kijiweni. Huyo dalali ana kipaji.

Mchanga huo ulifika hapo ukiwa ndani ya maji. Mvua inachukua udongo kutoka vilimani, maji yakipunguza mwendo yanatua kwanza kokoto, halafu mchanga, na ule udongo laini unaendelea nayo. Ukiuona mchanga uliooshwa ukawa mweupe, umeona mahali ambapo maji hupita na kupumzika. Mwaka huu yatapita tena, na yatakuta sebule yako.

Kosa la watu wengi wanaohamia ni kununua mwezi wa nane. Mwezi wa nane Dodoma nzima ni kavu, kila kiwanja kinafaa. Wewe nenda sasa, nenda mvua ikinyesha, vaa gambuti. Kama huwezi, soma alama zilizobaki. Angalia migunga na vichaka: nailoni, mabua na chupa zilizonasa kwenye miiba zote zikiwa kimo kimoja, hicho ndicho kina cha maji ya mwisho. Angalia kuta za jirani. Maji machafu huacha mstari, na mwenye nyumba akipaka rangi upya mstari hurudi kwenye plasta. Angalia mizizi iliyoachwa wazi upande mmoja. Kisha mtafute bibi anayelima karibu, siyo kijana wa kijiweni, umuulize maswali mawili tu: mwaka wa Elninyo, 1997 kuingia 1998, maji yalifika wapi hapa, na kwa nini shamba lake halifiki kwenye kile kiwanja. Mgogo aliyelima hapo tangu ujana wake anajua pa kupanda mtama na pa kuacha.

Usilipe kabla ya kwenda ofisi za ardhi za jiji kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Viwanja vingine vinavyouzwa kwa bei nzuri kwenye mchoro ni njia ya maji au eneo la wazi. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto. Dalali atakuambia korongo kavu si mto. Mwambie mrudi hapo pamoja mwezi wa pili, mzungumze mkiwa mmesimama katikati.

Kama moyo umeshakwama kwenye kiwanja hicho, basi jamvi lako la zege liwe juu ya usawa wa barabara, tena barabara ya kesho, siyo ya leo; mitaa ikiwekwa lami huinuka. Kona ya mchanga iache wazi, usijenge hata banda la kuku. Lakini mimi kwa fedha yangu nisingenunua.

Watoto wa mtaa wetu wanaogelea kwenye dimbwi lililobaki. Wazee wanasema maji ya mvua hayana neno. – Mama wa watatu, Chang'ombe

Maji ya mvua hayana neno yakiwa angani. Hilo dimbwi limechanganyika na mashimo ya vyoo, makaro yaliyofurika na mkojo wa panya. Kipindupindu unakijua. Usichokijua pengine ni homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 ikaua watu. Huenezwa na mkojo wa wanyama na panya, na huingilia kwenye vidonda na michubuko ya miguu mtu akikanyaga maji machafu. Mtoto akipata homa na maumivu ya misuli baada ya kuchezea dimbwi, mwambie daktari wazi kwamba alikuwa majini. Asipojua atapima malaria akaishia hapo. Maji ya kunywa yachemke kabisa, yatokote kwa dakika moja nzima.

Fundi, jirani yangu hapa Ilazo amejenga ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja chake, halafu amejaza moramu ndani mpaka uwanja umekuwa juu. Maji yaliyokuwa yakipita kwake sasa yananigeukia mimi. Nikimwambia, anasema na mimi nijaze. Nifanye nini?

Ushauri wa jirani yako nausikia kila mwaka, na ndio unaoua mitaa. Yeye anajaza, unajaza, wa tatu anajaza, mwisho barabara ndiyo inakuwa mtaro na mjane wa mwisho wa mtaa, asiye na fedha ya malori mawili ya moramu, ndiye anayepokea maji ya wote.

Usianze na mahakama. Mpe jirani kitu anachoweza kukubali bila kuaibika: matundu chini ya ukuta. Yawekwe pale maji yanapoingia na pale yanapotokea, pande zote mbili, na kati yake upite mfereji au bomba chini ya ile moramu yake. Tundu la tofali moja halitoshi, linazibwa na majani siku ya kwanza. Nataka upana wa mikono miwili, lenye nondo za kuzuia mbwa na mizigo mikubwa. Jitolee nusu ya gharama. Najua inauma kulipia ukuta wa mwenzio, lakini piga hesabu ya plasta na makochi.

Akikataa, nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, na mvua ikinyesha mwite mwenyekiti aje aone kwa macho, maana siku kavu wote wawili mtaonekana waongo. Piga picha zenye tarehe. Na ukuta ukiwa umelazwa juu ya njia ya maji iliyoko kwenye mchoro wa mipango miji, hapo hamna mjadala wa ujirani tena, ni suala la jiji. Jambo moja nakuomba: usivunje tundu usiku mwenyewe. Ukuta uliozuia maji unasukumwa na uzito usiouona, na ukidhoofishwa chini unakuangukia wewe.

Fundi, habari za uzeeni? Hapa Miyuji Februari tunateka maji kwa ndoo kuyatoa sebuleni, Oktoba tunayateka kwa ndoo kuyaingiza jikoni. Haya maji yote yanakwenda wapi? – Mwalimu mstaafu

Shikamoo mwalimu. Katika barua zote, hii ndiyo niliyoifurahia.

Mengi yanakimbia. Maji ya makorongo mengi ya jiji hili hatima yake ni Kinyasungwe. Mengine yanakamatwa na bwawa la Hombolo, yanayobaki yanateremka Mpwapwa, yakifika Kilosa mto unaitwa Mkondoa, kisha yanaingia Wami na kuishia Bahari ya Hindi. Njiani yanafanya yake: mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliivunjavunja reli ya kati maeneo ya Kilosa na Gulwe. Kwa hiyo sebule yako ni kituo cha mwanzo tu.

Lakini yapo yanayozama, na hayo ndiyo unayokunywa. Maji ya bomba ya mji huu kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini, njia ya Arusha. Wataalamu walichukua vipimo vya kina cha maji ya visima vile vya miaka 55, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013. Walichokiona ni hiki: miaka ya mvua za kawaida kina kinashuka tu, kidogo kidogo, kwa sababu tunavuta kuliko kinachoingia. Kisha unakuja mwaka mmoja wa mvua za kupindukia, kina kinaruka juu, halafu kinaanza tena kushuka kwa miaka. Mruko mkubwa kuliko yote ulikuwa msimu wa Elninyo wa 1997 na 1998. Mwaka ule ule tunaousimulia kwa machozi ndio uliojaza ghala.

Maana yake, mwalimu, mvua ya wastani haitushibishi. Udongo unailamba, jua linaichukua, visima havioni kitu. Maji yanafika chini pale yanapokuwa mengi kiasi cha kujaza makorongo, yakatembea juu ya mchanga kwa siku kadhaa yakizama. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kila korongo lisakafiwe kwa zege toka kilimani hadi bondeni, nakunja uso. Katikati ya mji sawa, watu wasife, maji yaondoke. Huko nje yaachiwe mchanga wake na upana wake.

Kuhusu ndoo zako za Oktoba: ule mfano wa bati niliompa mama wa Nkuhungu ni wako pia. Funga gata, weka simtanki, mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati kwanza, zinazofuata ziingie. Halitakufikisha Oktoba kwa kuoga na kufua, lakini kila lita iliyoingia humo haikupita sebuleni.

Kwa kijana wa Ipagala aliyetuma picha ya kalavati akiuliza kama ni dogo mno: Siyo dogo. Limeziba, na kwa ninavyoona kile cheupe upande wa kulia ni godoro. Lizibuliwe siku kavu, kuanzia upande wa chini, maji yanakotokea, ili taka zipate pa kwenda. Anayelifungua kwa upande wa juu maji yakiwa yamejaa anaweza kuvutwa ndani pamoja na godoro. Barabara hiyo ikiwa ya mtaa, peleka picha TARURA. Ikiwa barabara kuu, TANROADS. Andika jina la mtaa na duka au msikiti ulio jirani, kwa sababu ukisema "kalavati la Ipagala" yapo mengi.